Madoa Meupe Kwenye Picha ya Lazaro

Siku ya kwanza niliyovaa sare ya uuguzi kazini, nilimwogopa mgonjwa. Nawaambia wazi ninyi mnaoanza sasa, kwa sababu mimi hakuna aliyenionya kwamba inaweza kutokea.

Ilikuwa zahanati ya kijiji huko Mbozi, katikati ya mashamba ya kahawa. Nilikuwa bado naonyeshwa chumba cha sindano, mwanamume mmoja akaanguka kwenye foleni. Alikakamaa, akaanza kurusha mikono na miguu, povu likamtoka. Watu wakarudi nyuma. Na mimi nikarudi nao.

Mganga mfawidhi, yule msimamizi wa zahanati, alitoka akapiga magoti kando yake.

"Sista, njoo ushike kichwa," aliniambia. "Povu haliambukizi. Usimtie kijiko mdomoni wala kitu chochote. Mlaze ubavu, halafu tazama saa."

Nilishika. Dakika mbili baadaye mwili ulitulia. Mgonjwa alipopata fahamu aliniuliza kwa sauti ya chini kama amejikojolea. Nilimwambia hapana, ingawa haikuwa kweli, nikamfunika kwa kanga yangu.

Aliitwa Lazaro, mwalimu wa kwaya. Kifafa kilimwanza akiwa mtu mzima mwenye watoto. Tulimwanzishia fenobabitali, kidonge cha kuzuia kuanguka, na kilimsaidia. Lakini kila dawa ilipoisha stoo, alianguka tena, na kanisani wakampa kwaya mtu mwingine.

Siku moja nilimuuliza kama ana ndugu wa kumkumbusha dawa.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Ndiye aliyenifanyia haya."

Mganga wa kienyeji ndiye aliyemwambia kwamba amerogwa. Dada yake, Tabia, alikuwa amelalamikia mgawanyo wa shamba la baba yao, basi ikaonekana sababu ipo. Lazaro akamtangaza mchawi mbele ya watu, na Tabia akahama na wanawe, akateremka Kamsamba kulima mpunga.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa huko huko Kamsamba. Kule joto lilinichosha kuliko kazi. Kwenye kliniki ya wajawazito niliona benchi moja limekaliwa na mama mmoja tu, wengine wamesimama. Habari zilikuwa zimemfuata. Zamu yake ilipofika aliniuliza nilikotoka, nikamtajia kijiji.

"Lazaro bado anaanguka?" aliuliza.

Siri ya mgonjwa ilinifunga mdomo. Nilimjibu tu kwamba yuko hai. Aliniuliza swali hilo kila alipokuja, na kila mara nilimjibu hivyo hivyo.

Niliporudishwa Mbozi, safari hii hospitali ya wilaya, ndipo watafiti walipokuja kuchunguza kifafa katika mkoa wetu. Walikuwa na daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, mama mpole, aliyetukalisha wauguzi na kutueleza. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, yenye vijibuu, yaani watoto wa mnyoo wa tegu, anapata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo. Yakiingia kwenye maji, kwenye mboga au kubaki mikononi, mtu mwingine huyameza, hata asiyekula nguruwe kabisa. Ndani ya mwili mayai hayo hugeuka vijibuu vinavyoweza kufika kwenye ubongo.

"Kifafa kikimwanza mtu mzima hapa kwenu," alisema, "lifikirieni hili mapema."

Nilimfikiria Lazaro kabla daktari hajamaliza sentensi.

Alipelekwa Mbeya kupigwa picha ya kichwa. Iliporudi, bingwa aliiweka kwenye mwanga akamwonyesha madoa meupe, madogo kama punje za mtama.

"Wadudu hawa wamekufa zamani," alimwambia. "Sitakupa dawa ya minyoo, haina kazi tena. Makovu yao ndiyo yanayokuangusha. Endelea na kidonge chako, usiache hata siku moja."

Lazaro aligusa doa moja kwa kidole. "Daktari, hao wadudu mtu anaweza kunitumia?"

"Hapana, baba. Ni uchafu wa choo tu."

Alijifunika uso kwa mikono, akalia.

Wiki iliyofuata aliniomba nimsindikize. Tulipanda basi la Kamsamba pale Mlowo. Tabia alitupokea uani kwake, akatutolea viti. Lazaro alieleza yote, picha mkononi, kisha akasema, "Dada, nilikukosea."

Tabia hakuitazama picha. "Wewe umenijia hapa uani," alisema. "Wale ulionitangaza mbele yao, nani atawaendea?"

Jumapili iliyofuata Lazaro aliomba nafasi kanisani, akasimama akasema jina la dada yake na kosa lake mwenyewe mbele ya watu wote. Tabia alikuwa amepanda kutoka Kamsamba, amekaa kiti cha nyuma. Ibada ilipokwisha alimfuata nje, akanyoosha mkono.

"Lete hicho kikopo cha dawa," alimwambia. "Unameza saa ngapi?"

Sasa nimestaafu, naishi Tunduma kwa binti yangu. Wauguzi vijana hunipigia simu kuuliza mambo ya kifafa. Dozi nawaambia wafuate mwongozo wa sasa, maana za kwetu zimepitwa na wakati. Ninachowaongezea ni kidogo. Sisi tuliuliza ameanza lini na anaanguka mara ngapi, tukafunga faili, na Tabia akakaa peke yake kwenye benchi miaka yote ile. Ninyi mkimaliza kuandika dawa, msimwache mgonjwa aondoke kwanza. Mwulizeni nyumbani kwao wanamlaumu nani.