Akiba Niliyowaficha Jamaa

Siku hiyo nilikuwa nakaanga nyirinyiri nyuma ya nyumba yetu Kulamawe, na kila mtu alikuwa ananipotezea wakati. Nyama nilikuwa nimeikata vipande virefu kama mishipi, nikaianika kwenye kamba siku nne, nikaikatakata tena ndogo ndogo, na sasa ilikuwa inalia ndani ya mafuta. Nyirinyiri ikikauka vizuri na kufunikwa na samli hukaa miezi mingi. Guyo akiwa karibu, haifiki jioni.

"Serikali, naonja tu kama chumvi imefika," alisema.

"Imefika tangu kijiko cha tatu."

"Hicho cha tatu kilikuwa cha Roba. Mimi bado sijaonja upande wangu."

Guyo alikuwa ndugu yangu anayenifuata, mwenye miaka kumi na sita na urefu wa mtu wa ishirini. Aliniita Serikali kwa sababu mimi ndiye niliyepima unga. Baada yake alikuwepo Roba, wa miaka kumi na miwili, na kitinda mimba wetu Talaso, wa tisa. Mimi nilikuwa na kumi na tisa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na wazazi wetu wote wawili walikuwa wameshatangulia.

Baba aliamini ng'ombe ndio ghala. Miaka ya sitini, katika vita vile ambavyo wazee wetu huviita Daba, yaani wakati kila kitu kiliposimama, tulikusanywa pamoja na wengine ndani ya uzio na kuwekewa walinzi. Ng'ombe wa baba walikufa mmoja mmoja kwa kukosa malisho, yeye akitazama. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka harufu. Tulipofunguliwa, baba aliishi miaka michache tu, bila ng'ombe na bila ugonjwa wa kutajwa. Mama alimfuata kwa homa nikiwa darasa la tano. Kabla hajafa aliniambia neno moja: wasilale njaa. Kesho yake sikwenda shule, na sikurudi tena.

Basi mimi sikuamini ghala lenye miguu. Niliamini mahindi. Nilikuwa nampeleka punda mpaka Rapsu, kwa wakulima wa mfereji, mbuzi wangu akifuata nyuma kwa kamba, halafu namwacha mbuzi na kurudi na gunia. Mahindi niliyaanika mpaka punje ikavunjika chini ya jino kwa mlio. Niliyachanganya na majivu ya kinyesi cha mbuzi ili fukusi wasiingie. Maharagwe niliyapata kwa akina mama wa Meru waliokuja sokoni Isiolo. Sukari na majani ya chai nilinunua kidogo kidogo.

Kazi hiyo haikunishinda. Kilichonishinda ni jamaa.

Kwetu chakula kinachoonekana ni cha aliyepo. Mgeni akikaa, humuulizi anaondoka lini. Ukisema "hakuna" na kipo, umejivunjia heshima na kuivunja ya ukoo mzima. Na sisi tulikuwa tumeshapewa na ukoo. Mama alipokufa wazee walikaa wakatuchangia mbuzi, desturi inayoitwa busa gonofa: aliyepoteza hurudishiwa na wenzake. Kwa hiyo kila aliyetoa mbuzi, na mke wake, na shemeji ya mke wake, alijiona ana haki ya kikombe cha chai katika nyumba yangu. Mwaka wa kwanza wa kuweka akiba niliweka gunia kwenye kona. Lilikwisha kwa wiki tatu. Mwaka wa pili nililipandisha darini. Shangazi yetu Dahabo, dada ya baba, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, aliliona siku ya kwanza, akawaambia wageni wake, "Nendeni kwa mayatima, wako na mahindi mazuri sana." Alisema kwa fahari. Nilitaka kulia.

Ndipo nikachimba shimo chini ya kitanda.

Tulichimba mimi na Talaso, wengine wakiwa malishoni. Guyo nilimwomba ashike jembe siku ya kwanza, akasema mgongo unamuuma, na tena jambo lenyewe halina adabu. "Unazika chakula kama maiti," alisema. "Utakisomea na dua?" Lakini hakumwambia mtu. Tulitandika ngozi kuukuu, tukapaka samadi na majivu, tukashusha magunia mawili, debe la maharagwe, debe la nyirinyiri, na sukari ndani ya mkebe uliozibwa kwa nta. Juu tukaweka fito, udongo, mkeka, kitanda. Wageni walipokuja niliwaonyesha bakuli la unga wa siku ile. Nilisema hakuna. Nilijifunza kusema bila kukwepa macho.

Shangazi Dahabo aliniamini. Alianza hata kutuletea maziwa, na kila alipoleta nilikasirika, kwa sababu sasa ilibidi nimshukuru.

Mwaka huo wa kumi na tisa wangu barabara ilianza kuharibika. Lori lilipigwa risasi upande wa mashariki. Wachungaji wawili hawakurudi. Watu walisema ni shifta, na shifta walikuwa jina la kila mtu mwenye bunduki asiyevaa sare.

Walikuja kwetu alasiri moja. Watano. Mmoja alikuwa amevaa ndara za tairi na koti la mvua, na hakukuwa na mvua.

"Leteni chakula."

Nilisema hakuna.

Alinitazama kwa muda. Nilimtazama pia. Nilikuwa na mazoezi.

Walichukua beberu wa Guyo na chungu cha maziwa, wakaenda. Nilikaa juu ya kitanda. Guyo alisimama mlangoni.

"Kwa ajili ya mahindi ungeacha tuuawe?" aliuliza.

"Ungetaka niwape?"

"Ningetaka uwe na kitu kinachoonekana cha kuwapa."

Nilidhani anasema mambo ya kitoto.

Siku tatu baadaye walikuja askari.

Malori yalisimama pande mbili za kijiji kabla jua halijawa kali. Wanaume waliketishwa uwanjani, mikono kichwani. Wanawake tuliambiwa tusimame kila mmoja mbele ya mlango wake. Shangazi Dahabo aliuacha mlango wake akaja kusimama nami, maana hakutaka mayatima wasimame peke yao. Guyo alikuwa ndani na homa. Walimtoa akakaa chini kando yetu, kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

Kiongozi wao alikuwa mtu mpole wa sauti. "Shifta walipita hapa. Walikula kwa nani?"

"Hapa walichukua mbuzi tu, afande," nilisema.

"Kuna chakula hii nyumba?"

Kabla sijafungua mdomo, shangazi alijibu. "Wallahi afande, hapa hakuna kitu. Hawa watoto hawana baba, hawana mama. Hata maziwa nawaletea mimi."

Aliapa. Aliapa kwa moyo wote, kwa ajili yetu.

Askari kijana aliingia na fimbo ya chuma.

Nilisikia akisogeza kitanda.

Nilisikia chuma kikipiga debe.

Walitoa vitu vyote nje, wakavipanga juani mbele ya kijiji. Magunia. Maharagwe. Nyirinyiri, samli yake nyeupe ikianza kuyeyuka. Mkebe wa sukari waliuvunja nta wakaonja.

Shangazi hakuitazama bunduki. Aliutazama ule mkebe. "Hata sukari?" aliniuliza kwa Kiborana, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Mama ameapa hakuna," alisema kiongozi. "Sasa hii ni ya nani?"

"Yangu. Ya kiangazi. Nilificha."

"Ulimficha nani?"

"Jamaa zangu."

Askari walicheka. Si kicheko kibaya. Walicheka kama watu waliosikia kichekesho. "Msichana, nani anaficha ndugu yake chakula? Tafuta uongo mwingine. Chakula ya chini ya ardhi ni ya watu wa msituni."

Niligeuka kuwatafuta majirani. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, huyu tunamjua, ni mchoyo, huweka akiba. Hakuna aliyejua. Miaka miwili nilikuwa nimehakikisha hakuna anayejua. Nyuso zote zilikuwa zinaangalia yale magunia, na katika nyuso zile nikaona kwamba hata wao walianza kuamini.

"Nani alichimba?"

Nilisema, "Ni—"

"Mimi," alisema Guyo.

Alisimama. Kwa urefu wake walimwona mwanamume. Waliuliza kipande, yaani kitambulisho. Nilipiga kelele kwamba ana miaka kumi na sita, kwamba hana umri wa kipande, kwamba hata jembe hakulishika, kwamba ni mimi, tazameni mikono yangu. Kiongozi aliniambia nitulie, dada wote husema hivyo.

"Guyo, waambie ukweli," nilisema.

"Wewe una watoto," aliniambia. Alimaanisha Roba na Talaso.

Walipakia chakula kwenye lori, kisha wakampakia yeye. Nafasi ilikuwa ndogo. Alikaa juu ya magunia yetu.

Hayo ndiyo yote niliyoyaona ya msako ule. Wengine waliona zaidi.

Baada ya hapo nilifuatilia. Nilikuwa napanda lori la mbuzi mpaka Isiolo mjini, nakaa kwenye benchi la ofisi moja kisha nakwenda ofisi nyingine. Karani mmoja aliniambia nije Jumatatu. Jumatatu aliniambia mwenye kitabu amekwenda likizo. Mwenye kitabu aliporudi, kitabu hakikuwa na jina la Guyo.

"Kama hayuko kwenye kitabu, hakukamatwa," alisema.

"Niliona kwa macho yangu."

"Sasa mimi nitaandika macho yako wapi?"

Mara nyingine walinitaka barua ya chifu. Nilipoleta barua walitaka cheti cha kuzaliwa, kana kwamba mama alizalia hospitalini. Mara nyingine waliniambia labda amejiunga na shifta mwenyewe, nimwulize akija. Nilikwenda hivyo zaidi ya mwaka, mpaka askari wa lango akawa ananisalimia kwa jina na kuniuliza habari za mbuzi. Alikuwa mtu mwema. Hilo nalo lilinichosha.

Kisha ukaja ukame. Kila mtu wa rika langu anaukumbuka, sina haja ya kuueleza. Mbuzi walikufa kwa wiki chache. Ndani ya nyumba mlikuwa na shimo wazi ambalo sikuwahi kulifukia, na ndani yake buibui. Nilihesabu kila kitu kilichokuwa cha kuliwa. Nilikuwa hodari wa kuhesabu. Hesabu ilisema siku tisa.

Siku ya kumi alikuja shangazi Dahabo. Tangu siku ya malori alikuwa hasemi nami ila salaam aleikum, kwa sababu hiyo huwezi kumnyima Mwislamu. Aliweka bakuli mbele ya Talaso.

"Kuleni," alisema. "Hiki hakikufichwa."

Nilitaka kuukataa ule mdomo wake pamoja na bakuli. Nilikula. Siku iliyofuata alikuja mke wa jirani, yule aliyemaliza gunia langu la kwanza. Baada yake akaja mtu kutoka Biliqo, jamaa wa mbali sana, na ngamia wa maziwa aliyempoteza ndama wake; akamwacha kwetu mpaka mvua. Hakutoa maelezo. Kila mmoja alileta kidogo, na kila mmoja alileta pia neno lake la kunichoma, nami nikameza vyote viwili. Roba na Talaso walivuka ukame ule wakiwa hai. Hawakulala njaa ila siku mbili tatu, na siku hizo walilala njaa pamoja na kijiji kizima.

Nimelipima jambo hili miaka mingi. Wako wanaosema kama si shimo, Guyo angekuwepo. Wako wanaosema askari wangepata sababu nyingine, kama walivyopata katika nyumba ambazo hazikuwa na shimo. Wote husema kwa uhakika, na hakuna kati yao aliyekuwa amesimama pale mlangoni. Mimi bado naona nilikuwa sahihi kuhusu gunia kwenye kona: lingekwisha kwa wiki tatu. Lakini lingekuwa limeliwa na mashahidi. Nadhani hilo ndilo Guyo alikuwa akijaribu kuniambia, ila alikuwa na miaka kumi na sita na mimi nilikuwa Serikali.

Nilimuuliza shehe wetu kama tunaweza kumswalia. Aliuliza kama kuna shahidi wa kifo chake. Hapana. Alisema basi tungoje. Tulingoja Talaso akaolewa, Roba akawa na watoto, shangazi Dahabo akafa, na kabla ya kufa alinitaka radhi kwa lile neno lake juu ya mkebe wa sukari, wakati mimi ndiye niliyepaswa kuomba. Mwishowe shehe aliniita akaniambia miaka imetosha.

Waliswali baada ya adhuhuri, safu tatu za wanaume, bila jeneza mbele yao. Nilisimama nje nikawangoja. Wanaume wa kwetu wakitoka kumzika mtu hurudi na udongo mikononi, na wewe unawamwagia maji ya kunawa, ndipo unajua kazi imefanyika. Nilikuwa nimeleta birika, kwa mazoea. Roba alitoka wa kwanza. Alinyoosha mikono, kisha akaitazama. Ilikuwa safi.

Nilimmwagia maji hivyo hivyo.