Hellen Alipotamka Jina la Baba Mkwe

Hellen wa Nakwa anajulikana kwa maziwa. Kila asubuhi anateremka sokoni Babati na dumu lake, na ukimwambia yana maji atakunyang'anya kikombe hapo hapo. Mdomo anao. Lakini kulikuwa na jina moja ambalo tangu aolewe halikuwahi kutoka kinywani mwake: la baba mkwe. Kwao Hanang mke hatamki jina la mkwe, awe hai, awe amekufa. Bibi wa mumewe alimnong'oneza jina hilo mara moja tu, siku ya kuolewa, ili ajue la kuepuka.

Mkwe mwenyewe hakumkuta. Aliondoka kutafuta kazi wakati Samweli, mume wa Hellen, akiwa bado tumboni, na hakurudi. Samweli akalelewa na baba mdogo, shuleni akaandikwa kwa jina la baba mdogo. Sura ya baba yake alikuwa haijui hata kwa picha.

Mwaka huu kikundi chetu cha akina mama kikafunga safari. Tulilala Dar es Salaam, asubuhi tukapanda boti kwenda Unguja kuona maonyesho ya mabaharia wa zamani, jioni turudi. Mwenzetu Modesta alitapika njia nzima. Mimi nilishika bomba nikanyamaza, jambo ambalo wenzangu bado wanalisimulia.

Ndani ya makumbusho, mbele ya picha moja kubwa, Hellen akanishika mkono hadi kucha zikaniingia. Katikati ya wanaume wenye ovaroli alisimama mmoja mwenye chale zilizozunguka macho, kama wazee wa Hanang. Na uso ni wa Samweli. Sisemi anafanana naye. Nasema ni Samweli kavalishwa ovaroli.

Nikamwita msimamizi, kijana aitwaye Hamdani. Akasema jina la huyo baharia wanalo, na ndugu akitokea hupewa nakala ya picha.

"Ila anitajie jina yeye mwenyewe, mama. Wengi huja hapa kudai babu zao."

Hellen akatikisa kichwa. Tukampigia Samweli, yuko machungani, hapatikani. Nikamwambia Hellen aandike, hajui kuandika. Nikamwomba Hamdani alisome yeye, Hellen aitikie. Akakataa, kuitikia kila mtu anaweza. Saa ya boti ilikuwa inakaribia. Modesta akaanza kulia, na wala halimhusu.

"Mama Vitus, twende," nikamwambia Hellen. "Samweli ataelewa."

Hellen akaipa picha mgongo. Akajifunika mdomo kwa kanga.

"Gidamanyega."

Modesta aliacha kulia kama mtoto aliyezabwa kofi. Hamdani aliingia ofisini, akatoka na picha.

Boti nzima Hellen aliipakata picha, na ndani ya basi pia. Stendi ya Babati Samweli alikuwa anamsubiri. Akapewa picha. Akaitazama, akakaa juu ya gunia la vitunguu la watu. Baadaye akauliza ilikuwaje hadi wakampa. Hellen akainamisha kichwa.

"Alilitamka," nikasema mimi.

Samweli akasimama. Nikasogea katikati yao, maana nilijua ugomvi umefika.

"Tangu bibi afe sijalisikia kwa mtu," akamwambia mkewe. "Litamke nilisikie."

Hellen akatazama stendi, imejaa watu wa kwao. Akalitamka. Samweli akaomba tena. Nikabeba mkoba wangu nikawaacha.