Neno Nisilolifasiri

Ukalimani haukuwa kazi yangu. Niliajiriwa kituoni kama karani: kupokea barua, kuandika majina kwenye daftari, kupanga majalada kabatini. Kituo chenyewe kilikuwa ghorofani, katika nyumba kongwe ya Mji wa Kale, mwendo mdogo tu kutoka Ngome ya Yesu. Kilianzishwa kuwasaidia watu wa mtaa: wajane, wazee wasio na watoto, akina mama walioachwa. Nilipoanza, karibu kila aliyepanda ngazi zile alikuwa mtu tunayemjua, au tunawajua jamaa zake. Ilitosha kumwuliza, "Wewe wa nyumba gani?"

Kisha wakaanza kuja watu ambao swali lile halikuwa na maana kwao. Wayemeni waliokimbia vita, Wasomali, Waoromo, Warundi na Wakongo wenye karatasi zilizokunjwa hata zikapasuka kwenye mikunjo. Fomu zetu ziliuliza jina la mzee wa mtaa. Ziliuliza nambari ya kitambulisho. Afisa wetu wa ustawi, kijana kutoka bara, mdogo kwa mwanangu wa kwanza, aliyaacha mapengo hayo wazi na kuandika pembeni kwa penseli chochote alichofahamu. Palipohitajika Kiarabu aliniita mimi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mhadhrami, nami nilikulia kwenye mkeka wake. Niliona fahari kuitwa, nisiseme uongo. Karani hukaa na karatasi siku nzima. Mkalimani hutazamwa usoni.

Yule mwanamke alikuja siku ya Jumatatu, asubuhi. Alikuwa Myemeni, wa umri wa miaka thelathini hivi, na alikuja na binti yake wa miaka minane pamoja na shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Shemeji nilimjua. Alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi, akiuza viungo, akisema Kiswahili kama sisi. Alisali msikiti mmoja na mume wangu. Mama mkwe wangu alipofariki, yeye alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Alinisalimu kwa adabu, akaniulizia watoto mmoja mmoja.

Walitaka barua ya kumwingiza msichana shule, maana hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Jambo hilo tulikuwa tumeshalizoea. Afisa aliuliza, mimi nikafasiri, na mara nyingi shemeji alijibu kabla mama mtu hajafungua kinywa. Mwisho wa fomu palikuwa na swali moja ambalo afisa alimwuliza kila mtu: "Nyumbani kukoje?"

Nilipokuwa nalifasiri, simu ya shemeji ikalia. Akatoka hadi kwenye ngazi kuipokea, mlango akauacha wazi. Mwanamke hakuinua kichwa. Alisema kwa Kiarabu, haraka, kwa sauti ya mtu anayehesabu tasbihi:

"Msinirudishe kwake. Akitoka hunifungia kwa kufuli. Na mkono wake mzito."

Shemeji akarudi, simu bado mkononi.

"Amesemaje, mama?" afisa akaniuliza.

"Anasema amechoka," nikajibu. "Amechoka na safari, na ugeni."

Afisa akaandika: *amechoka*. Wakashuka ngazi, msichana mbele, mama katikati, shemeji nyuma.

Watu wameniambia baadaye kwamba nilifanya vyema kunyamaza wakati ule, kwa kuwa shemeji alikuwa amesimama pale na Kiswahili anakijua. Hilo ni kweli. Lakini dakika tano baadaye hakuwapo. Niliwaona kupitia dirishani wakiingia kwenye tuktuk. Afisa alikuwa mezani pake, hatua tatu kutoka kwangu, nami nikafungua daftari nikaandika tarehe.

Nilijiambia nitamwambia baada ya sala ya adhuhuri. Baada ya sala nikajiambia kwamba mwanamke mfiwa huona mambo kwa uchungu. Nimelelewa kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba anayeyatoa ya nyumba ya mwenziwe amemvua nguo hadharani. Sitara, tunaiita. Mamangu alifariki na siri za wanawake kumi, na mazikoni walimsifu kwa hilo. Nami ningeanzaje kumwambia kijana wa bara, asiyetujua, kwamba mtu aliyelibeba jeneza letu humfungia mjane wa nduguye kwa kufuli? Nilipika, nilikula, nilimwuliza mume wangu habari za msikitini. Jumanne ikapita hivyo. Jumatano na Alhamisi zikapita.

Ijumaa barua ya shule ikawa tayari. Afisa alinipa jalada, akasema, "La huyu mama tumelimaliza. Liweke."

Nililipeleka hadi kabatini. Nikalishika pale, mlango wa kabati wazi, nikashindwa kuliweka.

"Usilifunge hili bado," nikasema.

"Kuna nini?"

"Lahaja yao si kama yangu," nikaanza. "Huenda siku ile sikushika vizuri alilolisema..." Nikasikia mwenyewe ninavyodanganya. "La. Nilishika. Nilishika kila neno."

Nikamwambia. Nilitumia maneno yale yale, bila kuyapunguza makali. Aliweka kalamu chini.

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

"Kwa nini, mama?"

"Niliona haya."

Nilitegemea anikemee, na ingekuwa nafuu. Alibaki akiitazama fomu, pale alipoandika *amechoka*. Kisha akasema, "Na mimi nilimwuliza swali kama lile mlango ukiwa wazi, na mwanamume wake nje. Kila wiki nauliza hivyo. Sijui wangapi wamenijibu 'salama' kwa sababu hiyo."

Kwenda kubisha hodi nyumbani kwao, mtaa wa Tudor, kusingefaa. Afisa akampigia muuguzi wa zahanati ya watoto, mama mmoja Mdigo wa makamo, asiyependa maneno mengi. Akasema, "Mleteni kwangu. Chumba cha kupimia watoto haingii mwanamume, hata awe nani." Tukamwarifu shemeji kwamba shule inataka mtoto apimwe afya, na kwamba ni desturi ya zahanati mama ndiye amlete. Hilo halikuwa uongo.

Jumatatu iliyofuata aliwaleta mwenyewe hadi getini, akabaki nje na wanaume wengine kivulini. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimekaa kwenye benchi ndani, miongoni mwa wanawake na watoto wao wanaolia. Alipoingia nikaona mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji, umening'inizwa kwa mtandio.

Muuguzi alimpima msichana, akampeleka chumba cha pili kwa mwenzake, akafunga mlango. Akavuta kiti. "Mwulize mkono umefanya nini," akaniambia.

Nikauliza. Mwanamke alinitazama mimi, hakumtazama muuguzi. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayekagua sarafu. Kisha akaanza kusema, na kila kipande alisita, akingoja nimalize.

"Anasema Jumatatu ile alinambia," nikafasiri. "Anasema aliniona nimeelewa."

Muuguzi akageuka kunitazama. Sikuweza kumtazama yeye wala yule mama. Nilitazama mizani.

"Endelea," muuguzi akasema.

"Anasema alidhani nimenyamaza kwa hekima, kwamba tutakuja. Anasema siku zote zile alikuwa akisikiliza mlangoni."

"Na mkono?"

"Mkono ni Jumatano. Alimwomba shemeji yake amrudishie karatasi zake. Akausokota."

"Mwambie naandika," akasema muuguzi. "Mwambie naandika yote, na hilo la kwanza pia."

Nikamwambia. Sikuruka neno. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufasiri kwa haki, na nilikuwa nikifasiri mashtaka yangu mwenyewe.

Hakurudi getini. Yeye na binti yake walitoka kwa mlango wa nyuma, unaotumiwa na gari la chanjo, wakapelekwa nyumba ya kuwahifadhi wanawake, ng'ambo, nje ya kisiwa. Muuguzi alimfunga upya mkono kabla hajaondoka. Afisa ndiye aliyekwenda kumkabili shemeji, na askari mmoja wa kike pamoja naye. Shemeji alipiga kelele, kisha akalia, kisha akasema tumemwibia watu wake. Karatasi alizitoa baada ya wiki kadhaa, mbele ya chifu, zikiwa ndani ya bahasha ileile aliyokuja nayo mjane kutoka kwao. Kesi ilianza, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena.

Mtaani walinisema. Dada mmoja ninayemheshimu alikataa mkono wangu harusini. "Umevunja nyumba ya watu," akanambia, na sauti yake haikuwa na hasira, ila masikitiko. Jioni moja, tukiwa tunakunywa kahawa, mume wangu aliniuliza, "Ungejua mapema kwamba mkono utaumizwa, ungesema siku ile?"

"Ningesema."

"Basi hukujua," akasema, kwa kutaka kunifariji.

Lakini nilijua. Mwanamke alikuwa amenambia mkono ni mzito. Sijui nilikuwa nikingoja kujua nini zaidi.

Kituo kilibadilika, si kwa mara moja. Kwanza afisa alisogeza meza mbali na mlango. Kisha tukaanza kwenda zahanati kila Jumatano, katika chumba kile cha mizani, kwa ajili ya akina mama wageni, maana huko waliweza kuja bila kuulizwa nyumbani wanafuata nini. Maswali aliuliza muuguzi, au afisa wa kike aliyeletwa baadaye. Yale mapengo ya jina la mzee wa mtaa yaliondolewa kwenye fomu. Tuliwatafuta wakalimani kutoka kwa wageni wenyewe: mama wa Kioromo anayesuka nywele mtaa wa Buxton, mwalimu wa Kirundi aliyekuwa akiuza mahamri, msichana wa Kiyemeni aliyemaliza kidato cha nne hapahapa. Nami niliwafundisha kazi, ingawa sikustahili. Niliwaambia, "Ukiona hatari kulisema neno pale pale, lisimamishe. Lakini lisilale. Kabla hujashuka ngazi, mwite afisa umwambie." Waliniuliza sababu, nikawasimulia. Wengine walinitazama kwa huruma. Yule wa Kirundi alisema, "Mimi pia ningenyamaza," na hilo lilinitisha kuliko lawama.

Msichana wa yule mjane aliingia shule huko ng'ambo. Nilisikia Kiswahili chake kimekuwa cha watoto wenzake, na kwamba amemshinda mamake kwa maneno. Mamake alipata chumba pamoja na wajane wengine wawili kutoka kwao, wakawa wanapika sambusa na mikate kwa agizo. Mkono ulipona, ila hauwezi kubeba kizito.

Alirudi kituoni mara moja, mwaka uliofuata, kuchukua barua ya kuongezewa muda wa ukaaji wake. Nilikuwa mezani kwangu. Alinitolea salamu kwa Kiarabu, kamili, bila kukata, nami nikaitika. Aliketi. Afisa akaniashiria nisogeze kiti, kama kawaida.

Mwanamke akainua mkono wake mzima, polepole. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kujifunza sokoni, lakini kila silabi ilikuwa wazi:

"Samahani, mama. Nataka yule msichana."

Afisa alinitazama. Sikumsubiri aniulize. Nilisimama, nikaenda chumba cha pili alikokuwa yule msichana wa Kiyemeni akipanga kadi, nikamwambia, "Unaitwa. Ni mama wa kwenu. Fasiri kila kitu." Akajifunga mtandio vizuri akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

Mimi nilibaki nje kwenye benchi, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akasogea kidogo kunipisha nafasi.