Fundi Aliyenipindia Bomba la Kiti

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa bwana afya Kigoma, na karibu kila kitu kilinitia hofu. Niliogopa ziwa, maana nimezaliwa Singida, ambako maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya kisima. Niliogopa kipindupindu, nacho ndicho kilikuwa kazi yangu. Niliogopa barabara ya kambini kwa sababu ya watu wenye bunduki waliosimamisha magari. Niliogopa hata redio ilipotaja vita vya ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa siku chache baadaye watu wangeshuka ufukweni na magodoro kichwani, na mimi ningetumwa kwenda kuwapimia mahali pa kuchimba vyoo. Hofu zote hizo hazikuwa na fundi. Hofu ya bomba la kiti cha baiskeli ilikuwa naye, na nadhani ndiyo sababu niliishikilia kuliko nyingine.

Baiskeli zilitufikia kwa msaada. Zilikuwa baiskeli za milimani, zenye matairi mapana ya meno na gia nyingi ambazo nusu yake hatukujua kazi yake. Zilikuja bila keria. Kigoma hakuna anayeikubali baiskeli isiyo na keria, kwa hiyo mafundi wa mjini walituchomea keria za nondo na kuzifunga kwenye bomba la kiti, yaani kile chuma kinachozama ndani ya fremu na kushika kiti kwa juu. Tangu hapo bomba lile lilibeba kila kitu: mimi, ndoo ya dawa ya maji, na mara nyingine bibi mgonjwa niliyemkuta njiani na kuona aibu kumpita.

Mwenzangu wa ofisini ndiye alikuwa wa kwanza kuvunjikiwa. Alikuwa akiteremka mlima kuelekea ziwani na mzigo nyuma, bomba likakatika, kiti kikaruka, naye akakalia kilichobaki. Sitaeleza zaidi. Alilazwa muda mrefu, na aliporudi kazini alikuwa akisimama vikao vyote mpaka alipohamishwa. Wengine walimcheka alipowapa kisogo. Mimi sikuweza kucheka. Kila nilipopanda baiskeli nilisikia bomba likilia chini yangu, hata lilipokuwa kimya.

Shida yangu ilikuwa mara mbili, kwa sababu mimi ni mrefu na fremu ile ilikuwa fupi. Magoti yaligonga usukani. Nilihitaji bomba lililopinda kwenda nyuma ili kiti kisogee, lakini akili yangu ya woga iliniambia kwamba chuma kilichopindwa tayari kimeanza safari ya kuvunjika. Basi nilikuwa nachagua kati ya magoti na uhai.

Dukani mjini nilionyeshwa bomba la alumini, jeupe, linalong'aa, lenye kichwa kilichorudi nyuma kidogo. Lilikuwa jepesi mno. Nililipiga kwa ukucha likalia kama kikombe cha chai, nikalirudisha. Mchomeleaji mmoja wa Katubuka, nilikokuwa nimepanga, alinipindia bomba la maji. Pale kwenye kona lilibonyea kama mrija uliokanyagwa, na kwa kuwa lilikuwa jembamba kuliko tundu la fremu, alilizungushia bati la kopo ili libane. Aliniapia kwamba litanizika. Nilifikiri juu ya neno hilo njia nzima, na nyumbani nikalifungua.

Jibu lilikuwa kambini, mbele ya macho yangu. Baiskeli nyingi za wakimbizi zilikuwa na viti vilivyorudi nyuma. Mabomba yao yalikuwa yamepindwa kwa mviringo mzuri usio na bonyeo, na chini ya mviringo kulikuwa na kipande kidogo cha chuma kilichochomelewa kama ubavu. Baiskeli hizo zilipanda na kushuka milima na magunia ya mkaa, na sikuona hata moja imekatika. Nilimuuliza mama mmoja ambaye mumewe alikuwa nayo, aliyetengeneza ni nani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yupo mtu wao Ujiji. Kisha akajuta kusema, akaanza kunieleza kwa kirefu habari za choo chake.

Nilimpata nyuma ya soko la Ujiji, kwenye kibanda cha mabati, mtu mfupi mwenye mikono mipana. Mkewe alikaanga dagaa mlangoni na mtoto mchanga mgongoni. Waliponiona na kofia yangu ya kazi, wote wawili walisimama. Fundi akasema haraka kwamba choo kipo, tena kina mfuniko. Nilipomwambia nimefuata bomba la kiti, alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, ndipo akaamini.

Kazi yake ilinishangaza. Kwanza alinikalisha juu ya baiskeli, mkewe akashika usukani, naye akafunga nati kwenye uzi na kuuning'iniza kutoka gotini mwangu mpaka usawa wa pedeli. Akasema kiti kirudi nyuma upana wa vidole vitatu, visizidi, kwa sababu kikizidi sana nitakuwa navuta pedeli badala ya kuzisukuma. Akachagua chuma kinene kilichotoka kwenye baiskeli kuukuu, chenye unene ule ule wa tundu la fremu. Akakijaza mchanga mkavu, akaziba ncha mbili kwa vigingi vya mti, akakiweka motoni. Mchanga ndio ulizuia bomba kubonyea kwenye kona. Alikuwa akilipinda polepole, analirudisha motoni, analipinda tena. Mwishoni akachomelea ule ubavu.

Nilimuuliza kama hapo kwenye kona hapatavunjika. Akatikisa kichwa. "Bwana Afya, bomba halivunjiki pale unapopaogopa," akasema. "Linavunjika pale linapoingia kwenye fremu, kwa sababu watu wanaliinua mno." Akanionyesha alama aliyoikwaruza kwa msumari, na akaniambia kwamba upana wa kiganja kizima lazima ubaki ndani. Keria nayo akaitoa kabisa kwenye bomba na kuifunga kwenye fremu. Kisha akapanda juu ya kiti kwa miguu yote miwili na kurukaruka, mimi nimefumba macho.

Nilipokuwa naondoka alinifuata hatua chache na kushika keria. Aliongea Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, lakini pale Ujiji watu walimchukulia kuwa Muha wa upande wa Kasulu, maana Kiha na Kirundi ni ndugu na mgeni kama mimi hawezi kuzitenganisha lugha hizo. Ukweli ni kwamba alitakiwa awe kambini. Hakuwa na kibali cha kutoka. Siku zile ilikuwa ikifanywa misako, na waliokamatwa nje ya kambi walirudishwa kwa lori, na kulikuwa na uvumi kwamba wengine walipelekwa moja kwa moja mpakani.

"Huko kwetu nilizika kaka wawili," alisema. "Sirudi huko. Ukiulizwa nani kalipinda, sema umenunua mjini."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote, na kwa hilo sina shaka.

Bomba lilinibadilisha kwa miezi kadhaa. Magoti yalipona. Nilianza kuteremka milima bila kushika breki mpaka vidole vife ganzi, na siku moja nilijikuta nikipiga mluzi. Niliporudi Ujiji kumsalimia fundi nilimpelekea sabuni ya kipande, na mkewe akanipa dagaa. Tulizungumza habari za baiskeli tu. Nilijiona mtu mwenye siri na mwenye kuaminika, jambo ambalo sikulizoea.

Siku iliyoharibu yote ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa narudi kutoka kambini, mchana, na kwenye kizuizi cha barabarani alikuwepo ofisa mmoja ambaye tulijuana kwa kupungiana mikono. Mtu mkubwa, mzito, mwenye cheo begani. Kwa kawaida alinipitisha bila neno. Siku ile alinyoosha mkono, nikasimama. Akaizunguka baiskeli. Akainama taratibu, akashika ile kona ya bomba, akapitisha kidole gumba kwenye ubavu.

"Bwana Afya, hili kakupindia nani?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani mara nyingi: nimenunua mjini. Lakini macho yangu yalishuka kwenye viatu vyake, vikubwa, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri, yakabaki hapo. Nikafikiri kwamba anajua tayari. Kila mtu aliyepita kizuizini pale alikuwa ameyaona mabomba kama haya kwenye baiskeli za wakimbizi. Nikafikiri kwamba nikidanganya nitakuwa mtumishi wa serikali aliyeficha mtu. Mdomo ukasema wenyewe: Ujiji, nyuma ya soko, kibanda cha mabati, kuna mama anakaanga dagaa. Sikuacha hata dagaa.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema atampitia kesho, akanyanyua kizuizi.

Nilifika kama hatua mia hivi ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilitamani kurudi nikaseme nimekosea, ni fundi mwingine, lakini kurudi kwa mtu yule sikuweza. Nikaenda mbele. Sijawahi kuendesha vile kabla wala baada ya siku ile. Kwenye mteremko niliacha breki kabisa, mawe yakiruka, ndoo ikigonga keria, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuliwaza bomba. Lilinibeba mpaka Ujiji bila hata kulia.

Fundi alikuwa akinyoosha ringi. Nilimvuta ndani ya kibanda nikamweleza nikihema: ofisa wa kizuizini anajua, anakuja kesho. Hakuelewa amejuaje. Ikabidi niseme.

"Umemwambia wewe?"

"Nimemwambia."

Mkewe alizima jiko bila kuambiwa. Fundi hakunifokea. Laiti angenifokea. Alikaa juu ya sanduku la spana, akafikiri, kisha akaniuliza swali ambalo ningali nalisikia.

"Alipokuuliza, alikuwa anacheka au amekasirika?"

Nilitafuta kichwani. Niliviona viatu, niliuona mkono juu ya bomba, nilikiona kidole gumba. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

"Sikumtazama usoni," nikasema.

Akaitikia, akaanza kukusanya vifaa vyake. Nilisaidia kufunga godoro. Nilimwambia aondoke mara moja, asingoje, nikasema Ujiji si mahali pake tena. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua mambo ya serikali, nami nilijua mambo ya vyoo. Kabla jua halijashuka walikuwa ufukweni wakitafuta boti ya kwenda Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe, ambako alisema ana jamaa. Niliporudi nyumbani nilisikia nafuu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nilijiambia, na leo nimekimbiza ubawa wa mwenzangu pia.

Siku ya tatu yule ofisa alikuja ofisini kwetu. Nilimwona dirishani nikatafuta mlango wa nyuma, ambao ofisi yetu haikuwa nao. Alikuwa peke yake, bila bunduki, anakokota baiskeli. Ilikuwa ya milimani kama yangu, na bomba lake lilikuwa limenyooka. Alisema amekwenda Ujiji mara mbili na kukuta kufuli. Alilalamika kwamba daktari amemwambia mgongo wake hauwezi kuvumilia anavyokaa kwenye baiskeli, na amelitamani bomba langu tangu aliponiona nikipita nalo. Akaniuliza kama fundi amehama.

Safari hii nilimtazama usoni, tena kwa muda mrefu, mpaka akashangaa. Sikuona hila. Niliona mtu anayeumwa mgongo. Lakini mimi si mjuzi wa nyuso, na hata sasa sithubutu kuapa. Nikamwambia sijui alikokwenda. Alisikitika, akaomba nimjulishe nikisikia.

Mwezi uliofuata nilitumwa Mwamgongo kukagua maji ya kunywa. Nilikwenda kwa boti, nimeshika ubao kwa mikono miwili, nikipanga maneno. Ningemweleza fundi kwamba pengine hakukuwa na hatari. Ningemwomba msamaha, na kama angetaka ningetafuta mtu wa kumsaidia apate kibali kwa njia ya halali, jambo ambalo lingenipasa kulifanya tangu mwanzo badala ya kumpelekea sabuni.

Kijijini niliuliza habari za mtu mfupi mwenye vifaa vya baiskeli, mke na kichanga. Mwenye boti mmoja aliwakumbuka. Walikaa siku mbili tu. Jamaa zao walikuwa wamekwishahama.

"Aliniomba nimvushe arudi kwao," mwenye boti akasema. "Nikamwambia, mzee, huko bado hakujatulia. Akasema ana rafiki yake mkubwa serikalini. Huyo rafiki ndiye aliyemwambia upande huu hapakaliki tena, na yeye anamwamini."

Nilimuuliza kama walifika salama. Alisema aliwashusha ufukweni asubuhi, mama akiwa amembeba mtoto na fundi amebeba spana. Alipogeuza boti alisikia milio ya risasi upande wa juu walikokwenda, na tangu siku hiyo hajaenda tena.