Kaskazini ya Respicius

Kanisani walimwita Respicius "Mzee wa Msitu", na hawakuwa wanamsifu. Mtu mzima, fundi wa mashine za maabara pale Gaithersburg, Marekani, ana nyumba yenye hita na kitanda kizuri, halafu kila akipata likizo anafunga mtumbwi juu ya gari na kwenda kulala porini peke yake, kwa hiari yake! Jirani yake Ndirangu, Mkenya, hakuchoka kumchokoza.

"Mzee, hii ni nini sasa? Sisi tulitoroka kulala nje, wewe una-drive kuitafuta?"

Respicius alicheka tu. Miaka nenda rudi aliteremka na mto Potomac, akapiga hema ukingoni, akapika ndizi zake kwenye jiko dogo la gesi, na moyo wake ukatulia. Shingoni alining'iniza dira. Dira aliijua tangu mafunzo ya jeshi ya JKT kwao nyumbani, alikopelekwa baada ya kidato cha sita. Afande aliwafundisha hivi: tandaza ramani, linganisha sindano na kaskazini ya ramani, twende. Alijivunia ujuzi huo kuliko diploma yake. Kusema kweli, kwenye Potomac dira ilikuwa pambo. Mto una kingo mbili na unakwenda upande mmoja. Kupotea humo kunataka juhudi.

Mwaka 2006 mkewe, Benadetha, alipatikana na saratani ya kongosho. Daktari alisema huenda akafika Krismasi. Respicius aliuweka mtumbwi kando, akawa anazunguka kitanda kutwa, mara apange mito, mara aulize uji. Kufika Septemba mgonjwa alikuwa amechoshwa naye.

"Nenda kwenye maji yako, Baba Abigail," alimwambia. "Umeniganda kama ruba. Hata kuugua kwa raha siwezi."

Domina, rafiki wa Benadetha wa siku nyingi, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wagonjwa majumbani, alidakia. "Shemeji, nenda tu. Nimesha-switch shift zangu. Mimi na Abigail tuta-manage."

Benadetha akamshika mkono mumewe. "Ila Jumamosi uwe hapa. Mengine yote nisamehe, hilo usinifanyie mchezo."

Akaahidi. Na kwa kuwa alijua haitakuwepo safari nyingine kwa muda mrefu, hakwenda Potomac. Aliendesha gari mpaka Maine, karibu na mpaka wa Kanada, kwenye ziwa kubwa alilolitamani tangu zamani. Simu aliiacha garini, maana huko mtandao hakuna. Alivuka ziwa jua likiwaka, akifuata visiwa kwa macho, akapiga kambi ng'ambo. Alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu majira ya machipuko, na kulala huko kulimtia aibu.

Ijumaa, siku ya kurudi, ukungu ulilifunika ziwa lote. Hakushtuka. Alitandaza ramani kama afande alivyotaka, akalinganisha sindano, akapiga kasia. Akatokea kwenye kinamasi asichokijua. Akadhani mkono mmoja umezidi nguvu. Akarudi, akapima upya, sindano ikamkubalia, na kinamasi kikampokea tena. Jumamosi ilipokucha na ukungu wake alianza kuomba kwa sauti. Jua lilipozama alikuwa amekaa kwenye matope, analia kama mtoto, akimwita Benadetha kwa jina lake la nyumbani.

Jumapili mama mmoja wa Kizungu, mzee, aliyekuwa akivua samaki kwa boti, alimkuta. Aliitazama ramani ya Respicius, akaweka kidole pembeni, palipochorwa mishale miwili iliyoachana kidogo. Akamweleza kwamba huku sindano haielekei kaskazini ya ramani. Inainamia magharibi, na msafiri lazima aitoe tofauti hiyo. Asipoitoa, kila anapokwenda anavutwa kushoto.

"Kwenu hawafundishi?" alimuuliza.

Hawafundishi, kwa sababu kwao sindano na ramani karibu zinakubaliana. Afande hakuficha kitu. Respicius alikuwa ameiona mishale hiyo kwenye ramani zote alizonunua Marekani, akadhani ni nembo ya waliozichapa. Alicheka. Kisha akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Njiani, mtandao uliporudi, simu ilijaa ujumbe. Hakuthubutu kuusikiliza. Aliendesha bila kulala, na Jumatatu alipofika aliona viatu vimejaa mlangoni, akajua.

"Jumamosi jioni, shemeji," Domina alimwambia. "Alikuwa anakusubiri. Kila gari likipita hapo nje anasema, huyo amefika. Nikimwambia bado, anasema, sikiliza vizuri wewe."

Respicius akakaa sakafuni na matope yake. Abigail, ambaye tangu aanze shule alielewa Kiswahili lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote, alikuja akasimama mbele yake.

"Baba," alisema, safari hii kwa Kiswahili, "ulikuwa wapi?"

Dira haikuharibika. Ramani haikukosea. Wala hakuwa amekawia kuondoka. Tangu Ijumaa kila kasia alilolipiga alilipiga kurudi kwa mama yake Abigail.

"Nilikuwa nakuja," alijibu.

Abigail akaenda kukaa upande wa Domina.