Nani Alizikata Boriti

Mwalimu wetu ni mama. Baba ni dereva wa kampuni huku Silicon Oasis, na mshahara wake ulitosha kutuleta Dubai lakini haukutosha ada ya shule. Kwa hiyo tunasomea mezani, mimi na mdogo wangu wa kiume, vyombo vya chai vikishaondolewa. Mimi niliishia darasa la saba kule Rufiji, nikiishi kwa babu, baba yake mama. Mdogo wangu ana miaka tisa na Kiingereza kinamtiririka. Mimi changu hukwama kooni.

Tulipangiwa kwenda kuona nyumba ya kale, mahali ambapo wafanyakazi huvaa nguo za zamani na kusaga ngano kwa jiwe ili wageni waone watu waliishije. Mama akaweka sharti: kila mtu aandike swali moja kwa Kiingereza, na aliulize kwa mdomo wake. Langu lilinichukua siku mbili. Boriti za dari zilikatwa na nani?

Dari yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye picha, na boriti zile nilizijua. Babu alizikata kwenye mikoko, tope likimfika mapajani, akazibeba hadi bega la kulia likaota sugu ngumu kama kisigino. Baba yake naye alikata. Zilifungwa korija korija, ishirini ishirini, zikaondoka kwa majahazi. Hakuna aliyewaambia zinakwenda kukaa juu ya vichwa vya nani.

Aliyetuongoza ni dada mmoja mwenye kipaza sauti shavuni. Alisema vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti hazikuwa na urefu wa kupita upana huo. Zilitoka Afrika, akasema, akapunga mkono kidogo kama anayefukuza inzi, akahamia kwenye mtungi wa maji.

Nikanyoosha mkono. Akanipa nafasi. Nikasoma neno la kwanza, nikasoma la pili. Mtu akakohoa nyuma yangu. Sijafika la nne, mama akaichukua karatasi mkononi mwangu, akalisoma swali lote kwa pumzi moja.

"Nilikuwa nasoma," nikamwambia.

"Watu wanasubiri, mwanangu."

Dada akatabasamu. Swali zuri sana, alisema; boriti zililetwa na wafanyabiashara hodari wa mji huu. Na mama akaliandika jibu hilo kwenye daftari langu. Masikio yalinichoma kwa hasira. Bega lile la babu lilimlisha yeye kabla ya kunilisha mimi, naye anaandika wafanyabiashara hodari.

Pembeni alisimama mwanamume aliyevaa kama mchukuzi wa kale, na gunia la sponji begani. Alikuwa ametusalimia mlangoni kwa Kiswahili cha Kenya.

"Kaka," nikamwambia, "mwambie huyo dada sikuuliza nani alizileta. Nimeuliza nani alizikata."

"Mimi ni wa Kitale, siz. Mkoko siujui hata kwa picha," akanong'ona. "Na hapa nimeandikwa kubeba, si kuongea."

"Basi nibebee hilo."

Akacheka puani. Akaliweka gunia chini, akamwambia dada kwa Kiingereza, wote wakisikia.

Dada akainua macho darini. "Sijui," akasema. "Kwenye maelezo tuliyopewa halimo."

Ndani ya treni ya metro, tukirudi, nililichukua daftari langu. Jibu aliloandika mama nikalikata kwa mstari, nikaandika langu herufi moja moja. Vituo vinne vilipita kabla sijamaliza: Hapa hawajui. Babu anajua.

"Hilo si jibu alilotoa," mama akasema.

"Ndilo la swali langu. Na wewe ulikuwa unalijua."

Mdogo wangu alimtazama mama, akanitazama mimi, akaamua kuchungulia dirishani. Mama alishika kalamu yake nyekundu hadi tukashuka, asiitumie. Maksi za siku hiyo hakunipa. Sikumwomba.