Kawira Hakuwaandika Watoto Namba

Bado akili yangu inakataa. Jana asubuhi Kendi, binti yake Kawira, alinipigia akasema, "Auntie Wanja, Mum ametuacha." Ni pressure. Alikunywa chai, akasema anajilaza kidogo, basi. Niliketi chini pale jikoni.

Wengi wenu mnamjua kama Madam Kawira, yule counsellor wa shule kule Nkubu aliyewasikiliza watoto wenu nyinyi mkiwa mmechoka nao. Mimi nilimjua miaka ya tisini, tukisomea ualimu. Alitoka kwao Kibirichia na gunia la viazi, na room yetu ilikula viazi muhula mzima.

Psychology ndiyo ilituunganisha. Mimi nilipenda behaviourism: angalia kitendo, kihesabu, mambo ya moyoni achana nayo. Yeye alisema mtu kwanza ni mtu. Siku tuliyosoma kuhusu yule Mrusi na mbwa wake aliyefundishwa kudondosha mate kengele ikilia, Kawira aliinua mkono akauliza, "Na huyo mbwa, alipewa chakula baadaye?" Darasa lilicheka mpaka lecturer akafunga kitabu.

Lecturer alitufundisha kwamba psychology ilikuwa mawazo ya wanafalsafa tu, mpaka Mjerumani mmoja akafungua maabara na kuanza kupima. Hiyo kupima niliishika kama dini.

Mwaka wa pili tulitumwa wawili wawili kufanya observation. Mimi na Kawira tulipewa nursery moja karibu na Ishiara. Wiki moja, kaeni nyuma ya darasa, kila dakika tano andikeni kila mtoto anafanya nini. Msiwaguse. Mtafiti asibadilishe kile anachokichunguza.

Lakini wote walikuwa wamenyolewa, wote sweta ya kijani. Siku ya pili nikawachanganya kabisa. Kawira alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikatoa felt pen, nikawapanga laini, nikaandika namba nyuma ya kila mkono. Moja mpaka ishirini na tatu.

Aliporudi akasimama mlangoni. "Wanja, watoto hawahesabiwi. Hata kwenu unajua."

Nilijua. Nyanya yangu kule Runyenjes ukimuuliza ana wajukuu wangapi alikujibu, "Wako tu," maana kuhesabu watoto ni kuwaitia kifo. Nikamwambia Kawira huo ni ushamba, sisi ni watu wa science. Alichukua kitambaa akajaribu kufuta, wino ukakataa.

Kesho yake namba saba hakuja shule. Jina lake Muriuki. Homa ilimpanda mpaka akashikwa na degedege, na mama yake alipomfunika akaiona ile saba mkononi.

Mtu aliyekuwa Kenya miaka ile anakumbuka habari za devil worship, za namba ya shetani mkononi, zilivyokuwa kila mahali, kanisani, sokoni, redioni. Ilipofika saa nne uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wanawake mbele, wanaume nyuma na panga zao, wametoka nazo shambani. Hakuna aliyepiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Mama Muriuki akauliza, polepole tu, "Ni nani aliandika mtoto wangu?"

Nilikuwa na felt pen kwa mfuko wa sketi na niliisikia ikinichoma kama kaa la moto.

Kawira akasema, "Ni mimi, mama."

Aliomba beseni, sabuni na mafuta ya taa. Akapiga magoti mavumbini, akawaosha wale watoto mikono mmoja mmoja, mama zao wakimwangalia, akiwaomba msamaha kwa majina yao. Yeye majina aliyajua yote. Kisha wanaume wakasema atakaa kwa dispensari na mtoto, na asiende popote mpaka waone mwisho wake. Mimi nilifungiwa darasani.

Ilikuwa malaria. Daktari alisema hivyo mara tatu na hakuna aliyesikia. Siku mbili nilisikiliza kila hatua nje ya ule mlango, nikijua mtoto akifa Kawira hatoki pale. Siku ya tatu Muriuki aliamka akaomba uji. Wakatuachilia.

Chuoni Kawira aliulizwa, akarudia maneno yale yale. Alirudishwa nyuma mwaka mmoja kwa kuvunja masharti ya utafiti. Mimi nilikaa kwa hicho kikao, nikatazama viatu vyangu. Nilipata distinction.

Nilikuja kumuuliza tukiwa watu wazima, kwa nini. Akasema, "Niliona magoti yako. Ungefungua mdomo ungekimbia, na ungekimbia wangetuua sote wawili." Akaniongezea chai. Nikasema nitarekebisha, akasema sawa. Sikurekebisha.

Sasa jana Kendi aliniambia nizungumze kwa niaba ya marafiki siku ya mazishi. "Utuambie ile ya Mum kuandika watoto namba, Auntie. Wewe ulikuwepo." Kwao ni hadithi ya kuchekesha. Wamekua wakimtania mama yao kwa kosa langu, na yeye akicheka nao.

Sijalala. Naogopa macho ya huyo mtoto kuliko nilivyoogopa zile panga. Ninajijua: pale mbele ya jeneza nitatafuta neno lingine zuri la kusema, niketi. Ndiyo maana naandika hapa, mbele yenu wote.

Kendi mwanangu, mama yako hakumwandika mtoto yeyote. Ni mimi.

Lala salama, Kawira wangu. Jina langu liko hapo juu na hii post sitaifuta.